Jinsi ya Kudai Barabara, Mtaro na Eneo la Wazi Vilivyomo Kwenye Mchoro: Mwongozo kwa Wakazi wa Kigoma Ujiji

Mvua zinapoanza, maji yanayoteremka kutoka miinukoni kuelekea Ziwa Tanganyika hutafuta njia, na pale ambapo njia yake imejengwa ukuta hupita sebuleni kwa mtu. Waliokaa jirani na Bwawa la Katubuka hawahitaji kuelezwa jambo hili. Katika Manispaa ya Kigoma Ujiji malalamiko ya namna hiyo ni mengi: barabara iliyopaswa kupitisha gari sasa hupitisha pikipiki kwa shida, uwanja wa watoto umegeuka kiwanja cha mtu, na nyumba zinaongezeka huku bomba la maji likiwa lile lile. Wengi wetu hulalamika kibarazani, na siku tukienda ofisini huenda mikono mitupu.

Kabla ya kuandika barua yoyote, uone mchoro wa mipango miji wa eneo lako, ule ambao madalali huuita TP. Nenda idara inayoshughulikia ardhi na mipango miji katika Manispaa, uliza namba ya mchoro na tarehe ulipoidhinishwa, kisha uombe uoneshwe mtaa wako: upana wa kila barabara, mahali palipoachwa kwa ajili ya shule, soko, makaburi au eneo la wazi, na njia ya maji. Uliza pia kama upo mchoro mwingine uliofuata, kwa sababu mara nyingi eneo la wazi hupotea katika marekebisho ambayo wakazi hawakupata kuyasikia.

Katika mtaa wetu tulizozana na mwenye ukuta mmoja kwa misimu miwili ya mvua, kila upande ukiapa kuwa barabara ilikuwa hivi au vile tangu zamani. Mchoro ulionesha mita 10. Tulichukua futikamba, tukapima kutoka kwenye bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, hadi kwenye ukuta mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tukapata mita 4 na sentimita 30. Afisa aliyekuwa akituambia turudi wiki ijayo alikiandika kipimo hicho siku ile ile, maana sasa alikuwa na jambo la kwenda kulikagua.

Ikiwa mtaa wako ulijengwa bila mchoro, dai lako ni la namna nyingine. Hapo tumaini lenu ni urasimishaji, yaani kupanga, kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, na kazi ngumu huwa ni majirani kukubaliana nani atoe hatua ngapi ili barabara ipatikane. Makubaliano hayo yafanyike kabla ya bikoni kuwekwa. Hati zikishatoka, kila futi ya barabara itadaiwa fidia, na nimeona mitaa iliyobaki na vichochoro visivyoweza kuingiza gari la zimamoto kwa sababu tu watu wawili hawakuitwa kikaoni.

Ukishapata ushahidi, ombeni suala liwe ajenda ya mkutano mkuu wa mtaa. Muhtasari uandikwe, uwe na orodha ya waliohudhuria na sahihi zao, ugongwe muhuri wa mtaa, na nakala moja ibaki kwenu. Kutoka hapo suala hupanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, na diwani huyo ndiye atakayelisemea katika Baraza la Madiwani. Mkidai mtaro au kalavati, wahini maandalizi ya bajeti: mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na ombi linalofika Mei hukuta mipango imekwisha fungwa.

Barua iende kwa mwenye jukumu. Tangu 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania, hivyo kumlaumu Mkurugenzi wa Manispaa kwa mashimo ya barabara ya mtaa ni kupoteza miezi. Maji ni ya mamlaka ya maji, umeme ni wa TANESCO. Uvamizi wa barabara na eneo la wazi ndio unaomhusu Mkurugenzi kupitia idara yake ya mipango miji. Andika ukurasa mmoja: mahali, namba ya mchoro, kipimo, picha, muhtasari wa mkutano, na jambo moja mnaloomba. Iwasilishe masjala, na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa kuwa bila muhuri huo barua yako haikuwahi kufika.

Mtu anapoomba kubadilisha matumizi ya kiwanja, kwa mfano kutoka makazi kwenda kituo cha mafuta, hutakiwa kutangaza kusudio lake ili majirani wapate nafasi ya kupinga. Ukiona tangazo, lipige picha, usome muda uliotajwa, na upeleke pingamizi la maandishi kabla haujaisha. Eleza madhara yanayopimika: umbali kutoka shuleni, njia ya maji itakayozibwa. Kwa viwanja vya ufukweni taja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayozuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Barua zisipojibiwa, muone Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa Mkoa, ukiwa na nakala zote zenye mihuri. Mgogoro na jirani aliyevamia huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 hupatanisha tu wala haliamui, na mkishindwa kupatana huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kuishtaki halmashauri ni safari ndefu zaidi: lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, na kwa hatua hiyo tafuteni wakili mapema, mkichangishana mtaa mzima ili mzigo usimlemee mtu mmoja.