Kupata marejeo ya HTML 4.01 kwa tovuti ya zamani

Anza na mstari wa kwanza wa faili. Ukikuta `-//W3C//DTD HTML 4.01 Transitional//EN`, hati unayoitafuta ni ile ya W3C (shirika la viwango vya wavuti) ya tarehe 24 Desemba 1999, iliyoko w3.org/TR/html401/. Mstari huo ukitaja 3.2, tafuta hati ya Januari 1997. Toleo la 2.0 liko kwenye RFC 1866, moja ya hati za viwango vya intaneti.

Juu ya ukurasa utaona onyo kwamba kiwango kimepitwa na wakati. Lisikutishe, maandishi yote bado yapo.

Usianze kuisoma sura kwa sura, utachoka bure. Nenda moja kwa moja kwenye faharasa ya elementi, mwishoni. Hapo angalia safu kwa makini, maana herufi F ina maana mbili: kwenye safu ya tegi ya kufunga ni marufuku kuifunga, kwenye safu ya DTD (kanuni za elementi zinazoruhusiwa) ni ya Frameset tu, yaani aina ya HTML 4.01 ya kurasa zilizogawanywa kwa fremu. D ni elementi isiyopendekezwa tena, na L inaruhusiwa kwenye Transitional, aina legevu. CENTER na FONT zina D na L, kwa hiyo kwenye Strict, aina kali, hazipiti.

MARQUEE, elementi ya maandishi yanayosogea, hutaiona kabisa, kwani ilibuniwa na watengenezaji wa vivinjari. Itafute kwenye kiwango cha WHATWG (kundi linalotunza HTML ya sasa), sehemu ya vipengele vilivyopitwa na wakati.

Usifute anwani ya DTD kwenye mstari wa Transitional: bila hiyo kivinjari huingia hali ya ukale (quirks mode, yaani kuonyesha ukurasa kama vivinjari vya zamani), na vipimo vya CSS huvurugika.