Somo: Kufunga hita ya maji ya presha, tangi la lita 150

Nyumba nyingi za Nakuru hutegemea tangi la juu ya paa. Kimo cha mita 10 hutoa baa 1 pekee (baa ni kipimo cha presha), kwa hivyo tangi lililo mita 3 juu ya bafu lina baa 0.3, na shawa hudondoka tu. Pampu ya kuongeza presha hutatua hilo. Lakini hita ikishafungwa kwa presha, kumbuka hili: lita 150 zikipashwa kutoka digrii 20 hadi 65 huongezeka karibu lita 2.7, na lazima zipate pa kwenda.

Upande wa baridi, kuanzia pampu: koki ya kufungia, valvu ya kupunguza presha (baa 3), valvu ya njia moja, tangi la upanuzi la lita 12 (ndilo hupokea maji yanayoongezeka), kisha hita. Lijaze tangi la upanuzi upepo wa baa 3 kabla ya kuliunganisha. Likishaingia maji geji hukudanganya. Baridi ya shawa itolewe kati ya valvu ya kupunguza presha na ile ya njia moja, ili baridi na moto ziwe na nguvu sawa.

Valvu ya usalama ya baa 6 hukaa kwenye hita, bila koki yoyote katikati. Paipu yake iteremke hadi nje, mdomo wazi, mbali na wapitao.

Maji ya moto yapite kwenye PPR, paipu ya plastiki inayounganishwa kwa kuyeyushwa. Ya milimita 25 hupashwa sekunde 7 kwa digrii 260, kisha inasukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Ukizidisha moto, plastiki hufura ndani na kubana tundu, na kwa nje huoni kitu.

Jaza maji, fungua mfereji wa moto mpaka hewa iishe, ndipo uwashe stima. Elementi kavu huungua upesi.

Maswali

*Njoro:* Fundi, valvu ya usalama inadondosha kila hita ikiwaka. Niibadilishe?

Bado. Bonyeza sindano ya upepo kwenye tangi la upanuzi. Maji yakitoka, mpira wa ndani umepasuka: badilisha tangi. Kukiwa na upepo hafifu, zima stima, funga maji, toa presha, ujaze upya.

*Lanet:* Naweza kuiziba valvu ya usalama kwa muda?

Usithubutu, ndugu. Themostati ikikwama, maji hupita digrii 100 bila kuchemka kwa sababu ya presha. Tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo.

*Kiamunyi:* Pampu huwaka na kuzima usiku, na sote tumelala.

Kuna mahali panavuja. Funga koki ya hita. Pampu ikiendelea, tatizo liko upande wa baridi. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo: ikionekana kwenye bakuli bila kuvuta maji, badilisha mpira wa chini.