Zulia limelowa maji ya mafuriko: namna ya kuliokoa kabla halijaoza

Mvua za masika zikichachamaa Dar es Salaam, sisi waosha mazulia hupigiwa simu mfululizo, kuanzia bonde la Msimbazi hadi Bonde la Mpunga kule Msasani. Karibu kila mtu huanza kwa kuuliza sabuni. Sabuni ina zamu yake, lakini kinachoharibu zulia ni muda linaokaa na unyevu, na uharibifu huanzia mgongoni usikokuona. Kuvu huweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, na kwa joto letu usitegemee hiyo 48. Kwa hiyo fuata mpangilio huu, hata kama sebule nzima inakuita.

1. Umeme na mwili wako kwanza

Zima meni swichi kabla hujakanyaga maji. Ikiwa ni lazima usimame majini ndipo uifikie, usiiguse, waite TANESCO. Vaa gamubuti na glavu. Maji ya mafuriko mijini hupita kwenye vyoo vya shimo na makaro, na mikojo ya panya iliyomo huweza kukuletea homa ya mgunda kupitia kidonda kidogo tu cha mguuni. Watoto wakae mbali.

2. Jiulize maji yametoka wapi

Bomba lililopasuka au tangi lililofurika ni maji safi: zulia karibu lolote huokoka ukiliwahi. Maji ya mto, mtaro au karo ni habari nyingine. Kapeti iliyogundishwa sakafuni ukuta hadi ukuta ikilowa maji ya karo, ng'oa utupe. Najua ni gharama, lakini huwezi kuifikia chini yake kuisafisha, na wanaotambaa juu yake ni watoto. Sponji ya chini ya zulia nayo tupa bila kujadiliana. Zulia la kutandika, linaloweza kutolewa na kuoshwa pande zote mbili, lina nafasi.

3. Litoe bila kulichana

Zulia lililolowa huwa zito mno, na mgongo wake huwa umelegea. Ukilivuta kwa ncha moja, gundi inaachia au nyuzi zinakatika. Kwanza sukuma maji yatoke kwa mpira wa kusukumia maji ukifuata ulalo wa manyoya, kisha likunje kama mkeka na libebwe na watu wawili au watatu wakilishika katikati pia. Usiliache limekunjwa, likifika nje lifungue papo hapo, maana rangi za upande mmoja huhamia upande wa pili.

4. Ujue zulia lako ni la nini

Hapa ndipo mazulia mengi huponzwa. Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome kwa kiberiti, mbali na zulia. Ukinuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, ni sufu. Ukiyeyuka na kuganda kama shanga ngumu, ni plastiki, mara nyingi polipropilini, kama mazulia mengi ya Kituruki ya mashine yanayouzwa Kariakoo. Ukinuka karatasi iliyoungua, ni pamba au juti, nyuzi kama za magunia.

Kisha pima kama linachuja: bonyeza kitambaa cheupe chenye maji kwenye rangi iliyokoza zaidi, nyekundu au bluu. Kikipata rangi, usiliroweke. Lioshe haraka kwa maji baridi, na suuza ya mwisho itie siki nyeupe, kikombe kimoja kwa ndoo ya lita 10. Kwa sufu, siki husaidia kuzuia rangi isitembee.

5. Osha, ukianza na mgongo

Mwagia maji mgongoni hadi tope liishe, ndipo ugeuze. Mashine ya presha ya kuoshea magari inafaa ukisimama mbali. Ukiisogeza karibu sana inabandua gundi. Sufu ioshwe kwa shampuu au sabuni ya maji isiyo kali. Sabuni ya unga iache kwa ajili ya plastiki.

Jiki kwenye sufu, kamwe: klorini hula sufu hadi iyeyuke. Kwa zulia la polipropilini lililolowa maji machafu, baada ya kuliosha unaweza kutumia nusu kikombe cha jiki kwenye lita 10 za maji, uliache dakika 10, kisha usuuze sana. Jaribu pembeni kwanza. Na usichanganye jiki na siki hata kidogo, hutoa gesi ya sumu.

Kama nyumba yako inatumia maji ya kisima yenye chumvi, suuza ya mwisho iwe ya maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi ikibaki kwenye nyuzi huvuta unyevu, na zulia halitakauka vizuri hata siku moja.

6. Lianike, na usilifanyie haraka

Kamua kwa mpira, kisha lilaze juu ya stuli, ngazi au benchi ili hewa ipite chini. Kulining'iniza kwenye kamba moja likiwa bado linatiririka hulivuta umbo. Jua la asubuhi lipate mgongo. Uso usiachwe kwenye jua la saa saba, rangi itapauka. Mvua ikiendelea, lihamishie ndani, fungua madirisha, feni zipulize chini na juu usiku kucha.

Mgongo wa juti ukichelewa kukauka hutoa madoa ya kahawia yanayopanda hadi juu. Yafute kwa kitambaa chenye siki iliyozimuliwa kwa maji.

Uso utakauka kabla ya mgongo. Weka karatasi za tishu chini ya zulia, uzigandamize kwa tofali saa moja. Zikitoka na unyevu, endelea kuanika.

7. Kabla ya kulirudisha

Sakafu ya saruji hukauka taratibu kuliko vigae. Bandika kipande cha nailoni angavu sakafuni, pande zote zizibwe kwa selotepu, ukiache usiku mzima. Ukikuta matone chini yake asubuhi, subiri.

Ukishatandika, liinue na kunusa mgongo kila baada ya siku chache kwa wiki mbili hivi. Harufu ya koga ikirudi, bado kuna sehemu yenye unyevu: irudie hatua ya tano mgongoni, na uanike upya.