Namna ya kubaini kinachokufanya umhurumie au umchukie mhusika

Anza na hisia yako. Ukimaliza sura, andika pembeni kwa penseli neno moja: huruma, hasira, shaka. Kama kitabu umekiazima Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi, Dar es Salaam, usikichore, tumia vikaratasi. Usiandike kwanza kwamba mhusika ni mvumilivu au katili. Hizo ni sifa, na zina wakati wake. Hisia ni matokeo, nawe unarudi nyuma kutafuta sentensi zilizoizaa. Mara nyingi hazizidi tatu, na nyingi utazikuta pale mhusika anapoingia kwa mara ya kwanza.

Tazama kifungu hiki cha kutunga, mahali ni mtaani Manzese, Dar es Salaam, na Mzee Shomari ni mwenye nyumba anayedai kodi:

“Mzee Shomari alizihesabu noti mara mbili, akalowesha kidole kwa mate, akazihesabu tena. ‘Bado elfu kumi,’ alimwambia Mama Halima. Mtoto mgongoni akakohoa.”

Mwenye nyumba hajatajwa kwa neno lolote baya, lakini tayari tumemchukia. Amehesabu mara tatu, na alipofungua kinywa hakuwa na salamu wala pole. Kisha kuna kile kikohozi. Kingetangulia, kingekuwa habari ya mtoto mgonjwa tu. Kimewekwa baada ya “bado elfu kumi”, kwa hiyo kinasikika kama mashtaka. Sasa ongeza sentensi moja mwanzoni: “Asubuhi ile Mzee Shomari alikuwa ameambiwa gharama za upasuaji wa mkewe.” Hakuna neno jingine lililoguswa, ila kuhesabu kule sasa kunasomeka kama hofu. Mpangilio wa habari una nguvu kuliko tamathali nyingi za semi (lugha ya picha), na ndio wanafunzi wengi wanaouruka.

Halafu uliza tunaona kwa macho ya nani. Andika upya mistari mitano kwa nafsi nyingine, mfano Mzee Shomari asimulie mwenyewe kwa “mimi”. Kinachopotea ndicho msimulizi wa awali alichokuwa anakupa, na kinachoongezeka ndicho alichokuwa anakuficha. Hapa kosa kubwa ni kumchukulia msimulizi kuwa ndiye mwandishi. Msimulizi wa nafsi ya kwanza anaweza kujitetea, kusahau kwa makusudi, hata kudanganya.

Majina nayo yanahukumu. Katika Kusadikika (1951), Shaaban Robert anampa mshtaki jina la Majivuno na mshtakiwa jina la Karama, hivyo msomaji ana upande kabla hoja hazijasikika. Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971) anapita njia nyingine: mapema tunamwona Zakaria akimpiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anapopotoka baadaye, lawama haiwezi kumwangukia yeye peke yake, na dhamira (wazo kuu) ya malezi imeshajengwa bila hotuba.

Kuhusu dhamira, usinukuu kauli ya mhusika mmoja ukaiita msimamo wa mwandishi. Linganisha anachosema na kinachompata, kisha angalia nani analipa gharama mwishoni. Jambo likirudi mara tatu kwa wahusika tofauti, hapo una dhamira ya kutetea. Kwenye tamthilia soma maelekezo ya jukwaani kwa makini, maana kwa kawaida hakuna msimulizi wa kukushika mkono: nani anabaki jukwaani, na nani anapewa neno la mwisho.

Unapoandika jibu, aya moja ibebe mbinu moja. Taja hisia, nukuu maneno matano hadi kumi, kisha tumia sentensi mbili au tatu kueleza nukuu hiyo inafanya kazi vipi, ndipo uiunganishe na dhamira. “Mwandishi amefaulu kumchora mhusika” ni sentensi tupu mpaka uonyeshe amemchora kwa mbinu gani na wapi. Orodha ya tashibiha (mifananisho) na takriri (marudio ya maneno) bila athari zake nayo haikusaidii, na kusimulia upya hadithi nzima kunakula muda wa mtihani.

Mkisoma kwa kikundi na mmoja akamhurumia mhusika ambaye mwingine anamchukia, msipige kura. Kila mmoja aweke kidole kwenye sentensi yake. Ikiwa zote mbili zimo kitabuni, huenda mwandishi alikusudia mvutano huo, na aya yenu nzuri kuliko zote itatoka hapo.