Nyanya zimekuwa msitu na baridi iko njiani? Shika mkasi

Haya nyie mnaolima sehemu za baridi, zile ambazo msimu ukianza tu umeisha. Umeacha bustani wiki mbili umerudi unakuta hujui nyanya ipi imeanzia wapi, majani kibao na matunda yote bado kijani. Mmea wenyewe haujui kama jalidi inakuja, yaani ule umande unaoganda usiku wa baridi kali na kuunguza mimea, unarefuka tu na kutoa maua, na ua la leo mpaka liwe nyanya nyekundu ni wiki 6 hadi 8, hali ya hewa ikipoa ndio inazidi hapo. Kwa hiyo kabla ya mkasi angalia kalenda, jalidi ya kwanza kwenu huwa inaanguka lini, halafu hesabu kurudi nyuma kama mwezi au mwezi na nusu. Hapo ndo pa kukata kichwa, yaani ncha ya juu ya shina.

Ila jua nyanya yako ni ipi kwanza. Ile inayopanda kamba bila kukoma ndiyo ya kukata, ile fupi ya kichaka iache, inazaa kwenye ncha za matawi, mi niliwahi kuinyoa yote mwaka mmoja nikabaki navuna majani.

Fanya asubuhi umande ukishakauka, na mkasi ufute na spiriti kila ukihama mmea. Anzia chini, majani ya njano, yenye madoa na yanayogusa udongo yote toka, yenye ugonjwa usitupie kwenye mboji. Kisha machipukizi ya kwapani, yale yanayotokea kati ya shina na jani, madogo unavunja kwa vidole, manene tumia mkasi maana ukivuta unachana shina. Likishakuwa tawi zima lenye matunda yaliyojaa mi naliacha, nakata ncha tu. Kichwa sasa: kata juu ya kishada cha mwisho chenye matunda ya maana, bakiza majani mawili hapo juu, na maua mapya yote toa bila huruma.

Halafu hii wengi wanakosea, wanapukutisha majani yote eti nyanya zipate jua ziive. Nyanya inaivishwa na joto sio jua, na sukari inatoka kwenye majani hayohayo unayoyatupa! Usizidi theluthi kwa siku moja, tunda lililozoea kivuli ukilifunua ghafla linababuka, subiri wiki ndo urudi.

Maboga acha mawili matatu yaliyoshika vizuri, kata ncha za mashina yanayotambaa na vitoto vingine vyote toa. Hoho toa maua tu inatosha. Kale, ile mboga ya majani jamii ya sukuma wiki, usihangaike nayo, chuma majani ya chini basi, ikipigwa na jalidi inazidi kuwa tamu.

Na usiku wakitabiri jalidi usibahatishe, chuma nyanya zote. Zilizokomaa, yani zimeshaanza kupauka zile za kijani cheupe, zitaiva ndani ya boksi kwenye chumba cha nyuzi 15 hadi 20, weka na ndizi mbivu moja ukitaka ziharakishe. Friji hapana, chini ya nyuzi 10 hazitaiva vizuri na ladha inapotea. Zile ngumu za kijani kibichi kabisa hizo za achari.