Jinsi ya kumsaidia mtoto masomo nyumbani hata kama somo lenyewe hulijui

Wazazi wengi ukiwagusia habari ya kukaa na mtoto kwenye masomo wanajitoa mapema, huyu anasema hesabu za siku hizi hazielewi, yule anasema mimi mwenyewe shule sikufika mbali ntamfundisha nini, basi mtoto anaachwa na daftari lake peke yake. Inaniuma kwasababu msaada mkubwa kuliko wote hauhitaji ulijue somo. Kufundisha anafundisha mwalimu, wewe nyumbani kazi yako ni kumfanya mtoto akitoe kichwani kile alichokisoma, akisema kwa mdomo wake, na ukae umsikilize kweli.

Inafanyika hivi. Mtoto ameshakula, amepumzika, amecheza kidogo, mwambie afunge daftari alafu umuulize leo kwenye sayansi mmesoma nini, nielezee mimi sijui kitu. Akianza kueleza usimkatize, akimaliza mchimbe kidogo: kwanini inakuwa hivo? umejuaje? nipe mfano ambao mwalimu hakuutoa. Akikwama usimcheke wala usimwambie ona sasa hukusikiliza, mwambie fungua daftari tafuta palepale ulipokwama, ukishasoma funga tena uendelee. Kule kufunga tena ndo kwenye faida, maana akibaki anasoma macho yakiwa kwenye daftari atajiona anajua kila kitu na kesho kwenye mtihani hakuna kitu.

Na hii sio maneno tu. Mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke wa Washington University kule St. Louis Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo habari za kusoma, wengine wakarudia kuisoma tena, wengine wakaandika wanachokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, ila walipopimwa baada ya siku 2 na baada ya wiki 1 mambo yakageuka, wale waliojilazimisha kukumbuka ndo waliobaki na vingi zaidi. Sasa fikiria watoto wangapi usiku wa kuamkia mtihani wanasoma ukurasa uleule mara nne na sisi tunafurahi kwamba mtoto anasoma.

Kingine, usiulize siku hiyohiyo tu ukamaliza. Mjerumani mmoja Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana akachapisha matokeo mwaka 1885, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kusahau inatokea mapema sana, ndani ya masaa ya mwanzo, alafu inapungua kasi. Kwahiyo kitu cha jumatatu kiulizie tena jumanne, kisha ijumaa, kisha wiki ijayo, dakika chache tu hata mkiwa njiani au mnaosha vyombo, haihitaji meza.

Tukija kwenye homuweki yenyewe, hapa naomba tuwe wakali na sisi wenyewe: usimshikie penseli. Mtoto akisema hili swali siliwezi, mwambie alisome kwa sauti, kisha aseme kwa maneno yake wanataka nini, wamempa nini, na yeye amejaribu nini mpaka sasa. Mara nyingi sana akifika hapo katikati anajijibu mwenyewe kwasababu tatizo halikuwa hesabu, tatizo hakulisoma swali. Kama bado, tunga swali linalofanana lenye namba ndogo, lifanyeni pamoja kwenye karatasi ya rafu, alafu arudi kwenye lake mwenyewe. Ikishindikana kabisa liacheni, mwandikie mwalimu pembeni kwamba hapa amejaribu akakwama. Homuweki iliyojaa vema ulizozifanya wewe inamdanganya mwalimu, atapita aende mada nyingine akijua darasa limeelewa.

Jedwali la kuzidisha linawatisha watoto bure kwasababu wanaliona kama vitu 100 vya kukariri. Mwonyeshe kwamba 3 mara 7 ni sawasawa na 7 mara 3, hapo tu kutoka 100 mnabaki na 55. Toa za 1, 2, 5 na 10 ambazo watoto wengi wanazishika haraka, zinabaki 21 basi. Ziandikeni hizo 21 kwenye vikaratasi, jibu nyuma, mkamate vitatu vinne kwa siku, na kile anachokosea kinarudi mapema kuliko anachopata.

Kusoma nako kuna kitu wazazi hatukioni. Watoto wadogo wana uwezo mkubwa wa kukariri kwa sikio, anaweza kukusomea ukurasa mzima huku anautaja tu kichwani na wewe unapiga makofi. Mwambie aanzie mstari wa chini au katikati, afuatishe kwa kidole neno kwa neno, utajua hapohapo. Akikuta neno gumu usimtajie haraka, subiri kidogo, hesabu kimoyomoyo mpaka tano, mwache alikate silabi silabi, akilipata arudie sentensi nzima toka mwanzo ili maana isipotee. Kama wewe mwenyewe kusoma hujui njia hii bado unaiweza, mtoto anasoma we unasikiliza, mwishoni muulize nani alifanya nini na kwanini, kama habari haikai sawa utaisikia tu. Na anayejua kusoma asiache kumsomea mtoto eti kwasababu ameshakua, vitabu anavyovielewa kwa kusikia ni vigumu kuliko anavyoweza kusoma mwenyewe, na huko ndo anakookota maneno mapya.

Lugha isikupe hofu. Kama shule inatumia lugha moja na nyumbani mnaongea nyingine, mwache akueleze somo kwa lugha ya nyumbani, UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, walishasema tangu mwaka 1953 kwamba lugha ya mama ndo bora ya kumfundishia mtoto. Akishaelewa jambo kwa lugha yake, kilichobaki ni kujifunza majina ya lugha ya shule, na hiyo ni kazi ndogo kuliko kuelewa jambo lenyewe.

Simu iwe mbali, chumba kingine ikiwezekana, ya kwake na yako pia, tv izimwe, na kama nyumba ni ya chumba kimoja basi huo muda wote mfanye vitu vya kimya. Usingizi usiguswe kwa ajili ya homuweki: wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 mtoto wa miaka 6 mpaka 12 alale masaa 9 mpaka 12, na wa miaka 13 mpaka 18 masaa 8 mpaka 10. Aliyelala vizuri na homuweki nusu ana afadhali kuliko aliyemaliza yote akaenda kusinzia darasani.

Maneno yako yana uzito. Badala ya kusema wewe una akili sana, sema nimeona umebadilisha njia ya kwanza ilipogoma, hiyo imekusaidia. Watafiti Mueller na Dweck mwaka 1998 waliona watoto waliosifiwa akili walikata tamaa haraka walipokutana na kazi ngumu kuliko waliosifiwa juhudi. Na ukiona sauti yako inaanza kupanda funga daftari mkaendelee kesho, mtoto mwenye hofu anakutafuta usoni jibu unalolitaka, kufikiri kumeshasimama.

Kuna mtoto mwingine juhudi anayo, msaada anapata, ila haendi. Kabla hujamwita mvivu angalia anavyonakili ubaoni, anasogeza kitabu puani, anageuza sikio moja ukimwita, mpeleke apimwe macho na masikio. Kama viko sawa na bado silabi zinamgomea muda mrefu wakati wenzake wameshapita, nenda shule uongee na mwalimu wake. Ukifika usiulize mtoto anaendeleaje, utajibiwa anaendelea vizuri na utarudi hivohivo. Muulize ni kitu gani kimoja ambacho bado hajakishika, na akuonyeshe kwenye daftari la mtoto, alafu hicho kimoja mkifanye nyumbani wiki mbili kabla hujarudi kuuliza kingine.