Somo: mishono na viraka vya pembe kwenye tanga la ngalawa

Kusi ikianza huku Mikindani naulizwa lile lile: "Fundi, mbona tanga jipya limepasuka pembeni?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namleta hapa.

Vifaa: turubai la pamba, uzi wa poliesta (nailoni huvutika, na jua huiwahi), nta ya nyuki, sindano namba 18 kama una cherehani.

1. Fua kitambaa, kianike, ndipo ukate. Pamba husinyaa.

2. Mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) uende sambamba na ukingo wa nyuma, ule usiofungwa popote, toka ncha ya foromali (mti unaobeba tanga) hadi pembe ya demani (panapofungwa kamba ya kuvutia tanga). Ukiukata mshazari utavutika na kupigapiga.

3. Laza kipande juu ya mwenzie sentimita 2 na nusu, kunja kingo ndani, piga mistari miwili. Hatua ya mshono milimita 4 hadi 5.

4. Viraka. Matanga mengi ninayoletewa yamekufia hapa, na kila mara kiraka ni kizima. Kilichochanika ni tanga, pale pale kiraka kinapoishia, kwa sababu mzigo wote umesimama kwenye mstari mmoja. Kila pembe iweke viraka vitatu, sentimita 15, 22 na 30, kingo zao zisikutane. Mtande wa kiraka ufuate mtande wa tanga, la sivyo kimoja kitavutika na kingine kitagoma. Usishindilie mishono ukidhani unaongeza nguvu! Matundu yakikaribiana, kitambaa kinachanika kama stempu. Tundu la kamba usilikate kwa mkasi. Tenganisha nyuzi kwa msumari uliochongoka, panua taratibu, weka pete ya shaba, zungushia uzi wenye nta.

MASWALI

— Kiraka kimoja kikubwa hakitoshi?
Soma hatua ya 4.

— Nimesoma. Ila babu zetu walitumia kimoja.
Leta tanga lao tulitazame. Mimi nasema ninayoyaona mezani kwangu.

— Viroba je? Turubai bei yake kubwa.
Vinaenda, sikatai, na si kosa la mtu kukosa hela. Lakini jua huvigeuza unga. Kunja kingo mara mbili, na kikianza kumomonyoka usitoke nacho nje ya ghuba.

— Shikamoo fundi. Niko Kilwa Masoko. Langu linararuka juu, panapofungwa foromali. Nako niweke viraka?
Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Viraka vitasaidia kidogo tu. Shonea kamba ukingo mzima wa juu, kisha vifungo vya foromali vizunguke ile kamba, nguvu zote zishikwe nayo. Kamba mpya ivute kwanza: ilowanishe, ikaze kati ya minazi miwili, ilale hapo usiku kucha. Ukiishona bila kuivuta itarefuka baadaye, na mzigo utarudi kwenye kitambaa.

— Na ukungu, fundi?
Suuza kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, likauke kabisa ndipo ulikunje. Kila siku badilisha mahali pa mkunjo.